Kidole Changu kwenye Fomu ya Mama Sifa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya utafiti lilikuwa hili: nilitia kidole changu kwenye fomu ya mwanamke ambaye hakukubali nilichoandika juu ya mtoto wake. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenihonga. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimetoa doa lisilo na mstari hata mmoja, nami nilikuwa kijana asiyeweza kukaa chumba kimoja na karatasi yenye doa. Mwanamke huyo aliitwa Vumilia, lakini kijijini wote tulimwita Mama Sifa. Alizikwa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, mwezi wa tatu mwaka huu wa 2015. Nilipata habari nikiwa Mbarara, nikaenda, nikasimama nyuma kabisa ya watu, na bado mwanamke mmoja aligeuka akasema kwa sauti ya kutosha, "Na huyu wa kidole anatafuta nini huku?" Hakuna aliyemwambia anyamaze, na hilo ndilo lililonirudisha nyumbani na hasira, nikatafuta daftari. Hasira yenyewe sikujua ni ya kumkasirikia nani. Nilikozaliwa, wazazi wangu, na jinsi tulivyovuka mpaka kutoka Kivu Kusini nitaviruka, kwa sababu nikianzia huko nitakuwa naomba huruma, na katika habari hii huruma si yangu.

Mwaka ninaousema ni 2003. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikaa peke yangu katika kijiji cha Wakongomani, kwenye chumba cha udongo chenye turubai juu. Ndani kulikuwa na kitanda cha miti na meza niliyoiunda kwa mbao za maboksi ya sabuni. Juu ya meza kulikuwa na rula, kalamu tatu zilizopangwa kwa urefu, na kamusi isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo, ikianzia herufi D. Sekondari sikumaliza. Kiswahili cha vitabuni nilijifundisha kwa kamusi hiyo na kwa redio ya jirani, na ndiyo maana kwa miaka mingi maneno yanayoanza na A, B na Ch niliyajua kwa kusikia tu. Watu walinijia niwaandikie barua za ofisini. Nikikosea herufi moja nilianza upya, hata kama nilikuwa nimefika kwenye "wako mtiifu", na mwenye barua anakaa mlangoni anangoja huku maharage yake yanaungua nyumbani. "Jeremi, unaandikia Mungu ao unaandikia ofisi?" waliniuliza, wakacheka. Sikucheka. Kila nilipokabidhi karatasi niliamini kwamba mtu fulani mahali fulani ataiona koma niliyoisahau na kujua kwamba sikusoma.

Barua moja kati ya hizo ilimfikia Madamu Peace. Alikuwa mwalimu wa chuo huko Mbarara, mwanamke mrefu, mwenye haraka, aliyekuwa anafanya utafiti juu ya ulemavu miongoni mwa Batwa waliokimbia Kongo. Batwa ni watu wa asili wa misitu ya kwetu. Walikuwepo kabla ya sisi wenye majembe, na kambini walikuwa wamepewa viwanja vya mwisho kabisa, kando ya kinamasi. Madamu alikuja kijijini na gari, akaishika barua yangu juu kama mtu anayeuza kitambaa. "Nani naandika hii?" aliuliza kwa Kiswahili chao cha Uganda. Nilisimama. "Wewe mwenyewe? Mkono yako mzuri sana, sebo. Kama mashini." Sebo ni bwana kwa lugha yao, na mimi nilikuwa sijasifiwa kwa miaka miwili. Angeniambia siku ile nihesabu nyoka wa kinamasini ningekwenda na rula yangu.

Mafunzo yalifanyika nyumbani kwake Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa wiki moja. Nakumbuka sebule ile kuliko ninavyokumbuka mafunzo. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni, sakafu ilinuka nta nyekundu, na saa ya ukutani ilipiga kila robo saa, nami nilistuka kila robo saa. Chakula cha mchana kilikuwa matoke na mchuzi mweupe wa samli unaopendwa na watu wa Ankole. Nilikula nikiwa nimekunja mabega, nikiogopa kudondosha tone kwenye kitambaa cha meza, na nilipomaliza nilikuwa sijui kilikuwa na ladha gani. Siku ya tatu nilimsikia dereva wake akizungumza na msichana wa jikoni barazani. "Batwa?" alisema. "Madamu nakwenda hesabu kilema ya Batwa? Hawa watu maisha yao yote ni kilema. Andika moja tu, rudi nyumbani, kunywa chai." Msichana alicheka. Mimi nilikuwa ndani, peke yangu, hakuna aliyeniona, na nilicheka pia. Naliandika hili kwa sababu baadaye nilijifanya mtu aliyeponzwa na haraka za kazi. Haraka sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshawadharau watu wale kabla sijafika kwao, kama kijiji chetu chote kilivyowadharau.

Juu ya maadili ya utafiti tulisoma saa moja. Kila mtu ana haki ya kukataa, tulirudia kwa pamoja, nami nikaliandika hilo kwa rangi tatu na kulipigia mstari. Kuhusu fomu tulisoma siku nne. "Kisanduku tupu, mimi narudisha," alisema Madamu akigonga meza kwa kucha. "Kufuta-futa, mimi narudisha. Kidole kama matope, mimi narudisha. Halafu wewe napanda gari kwa pesa yako, nakwenda Nakivale tena." Hakuwa anatania. Wiki ya kwanza ya kazi alinirudishia fomu tatu zenye alama za vidole zilizotanuka wino. Nilizipokea mbele ya wenzangu wawili, na masikio yangu yakawa moto mpaka jioni. Hizo fomu tatu nilizichukia kuliko watu walioweka vidole vyao juu yake.

Ridhaa yenyewe ilichukuliwa hivi. Batwa waliitwa kwenye uwanja wa Shefu Anselme, mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa Mutwa na hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya Mutwa. Alisimama juu ya jiwe la kufulia nguo. "Batu ba Mungu, musikie!" alipaza sauti. "Madamu wa Mbarara anataka kujua balema benu bote. Mukuye, mutie kidole, murudie mu kazi yenu. Mutu asinicheleweshe." Nilisoma ukurasa wa ridhaa kwa Kiswahili changu cha kamusi, sentensi ndefu ndefu, na hakuna aliyeinua macho. Kisha walipanga mstari. Walijipanga wenyewe, bila kuambiwa, wazee mbele, na baadhi yao walikuja na mifuko mitupu. Hapo ndipo nilipojua. Kambini kidole kilikuwa na kazi moja: unakitia kwenye wino wa zambarau, unapewa unga, maharage na mafuta. Kidebe changu cha wino kilikuwa cha zambarau pia. Niliona mifuko ile, nikaelewa, nikafungua kidebe. Mstari ulikuwa umenyooka na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Mama Sifa hakuja uwanjani, kwa hiyo kesho yake nilimfuata nyumbani, dereva wa Madamu akiningoja nje. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, imeezekwa kwa majani ya kinamasini, ndani kuna giza jema la ubaridi, chungu cha sombe, majani ya muhogo, kikichemka kwenye mafiga na moshi ukitafuta njia. Alinipa kigoda. Nikasema nitasimama. Alinichotea maji kwenye kikombe cha bati. Nikasema ninayo yangu, nikapapasa chupa begani. Kwetu mtu hakunywa kwenye kikombe cha Mutwa. Hakuna aliyenifundisha hilo, na hakuna aliyenifundisha kuliacha. Alikimwaga kikombe kile mlangoni taratibu, akiniangalia huku maji yakimwagika. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua zamani, katika moto wa nyumba yao huko Kongo. Vidole vilikuwa vimepona kwa kukunjamana, na ngozi yake ilikuwa laini na inang'aa kama ya mtu mwingine. Binti yake Sifa, wa miaka tisa, alikuwa amechuchumaa karibu na mlango akipepeta mahindi. Hakugeuka nilipobisha hodi. Aligeuka kivuli changu kilipofika kwenye ungo wake.

"Hii ni ya kaunga?" Mama Sifa aliuliza akiangalia wino, akidhani ni mgao wa unga.

"Hapana, mama. Ni utafiti."

"Utafiti njo nini?"

"Tunataka kujua watu wenye ulemavu wanaishi vipi."

"Mutu akitaka kujua naishi vipi, anaikala. Weye umesimama." Alikoroga sombe. "Haya, uliza. Mikono yangu unaiona, uandike. Moto ulinikula, uandike. Lakini huyu mutoto usimuweke mu kartasi."

"Kwa nini, mama?"

"Haiko kilema. Anasikiaka na macho. Na kitu chenye kuwekwaka mu kartasi ya bazungu, kesho gari inakuya kukibeba. Nilionaka vile kwetu. Usimuweke. Ukisema haumuweki, natia kidole."

"Simuweki," nilisema.

Akatia kidole gumba. Kilitoa duara la zambarau, tupu, laini, bila mstari hata mmoja. Nilimwomba arudie. La pili likawa vilevile, likagusana na la kwanza. Sifa alikuja kuangalia, akachovya kidole chake mwenyewe, akamtia mama yake alama kwenye paji la uso, na wote wawili wakacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mimi nilikuwa naangalia fomu. Madoa mawili, na chini yake safu ya watoto wa kaya ikiwa na kisanduku kitupu.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Niliketi kwenye meza yangu ya mbao za sabuni, jua likipenya kwenye tundu za turubai, nikanakili fomu zote ishirini na sita kwa hati safi. Nilipofika kwa Mama Sifa nilinakili mikono yake, moto, kigoda, kila kitu. Kisha nikafika kwenye safu ya watoto, na najua kabisa nilichokifikiria, kwa sababu nimekifikiria tena mara nyingi: kwamba Madamu atauliza kama kaya ile haina mtoto, kwamba dereva alimwona Sifa akipepeta mahindi, kwamba nitaonekana mzembe. Nikaandika: mtoto wa kike, miaka tisa, kiziwi, hana msaada. Kwenye swali la kumi na nne, lililouliza kama mlezi anakubali majina yapelekwe kwa wanaoweza kuwasaidia, nilitia alama ya vema, kama nilivyotia kwenye fomu zote, kwa kuwa uwanjani hakuna aliyekataa. Ikabaki nafasi ya kidole. Ningeweza kurudi kinamasini, ni mwendo wa saa moja tu, lakini ningepata doa lilelile. Nilichovya kidole gumba changu. Kina kovu la jembe linalokikata katikati kama mstari wa rula. Alama ilitoka safi, mistari yote inahesabika. Niliikausha kwa kuipulizia na niliridhika. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo la kuridhika ndilo linaloniwia gumu zaidi kuliandika. Fomu ya kwanza, yenye madoa, niliichana vipande vidogo.

Madamu alizipitia sebuleni kwake huku nimesimama. Hakurudisha hata moja. "Hii ndiyo kazi," aliwaambia wenzangu. "Angalia Jeremi. Hata kidole moja chafu hakuna." Nilipewa chai ya maziwa na andazi, na safari hii nilisikia ladha.

Miezi minne baadaye gari lake lilifika kinamasini na mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya buluu, mlezi wa nyumba moja ya watoto wenye ulemavu huko Mbarara. Nafasi tatu zilikuwa zimepatikana, za kulala na kusoma. Madamu alikuwa na furaha ya kweli. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa amezunguka ofisi nyingi kwa ajili ya nafasi hizo, na alishuka kwenye gari na mifuko ya sare mikononi. Mimi niliitwa kutafsiri. Nilipolisikia jina la Sifa likisomwa, nilijifanya natafuta kalamu mfukoni. Watu walikuwa wameshakusanyika, wa kijijini kwetu wengi kuliko Batwa, kwa sababu gari ni gari.

Mama Sifa alitoka ndani akamvuta Sifa nyuma ya kanga yake. "Nani alibaambia niko na mutoto wa kupeana?"

Shefu Anselme alicheka. "Mama, musiletee bageni haya. Ulitia kidole."

"Nilitia kidole juu ya mikono yangu."

"Bambuti bako vile," Shefu aliwaambia watu, kwa jina ambalo kwetu wengi waliwaitia Batwa. "Leo ndiyo, kesho hapana. Unabapa masomo, banataka kinamasi." Watu walicheka. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba wamchukue na mama mwenyewe, wampeleke na sombe yake.

Madamu alifungua faili. Hakukasirika bado. "Nyabo, mama, angalia. Hii ni jina yako. Hapa wewe nakubali. Na hii ni kidole yako." Alinigeukia nitafsiri. Sikutafsiri. Haikuhitajika, kwa sababu Mama Sifa alikuwa ameshaifikia karatasi, akaiangalia ile alama nzuri kwa muda mrefu, kisha akainua mikono yake miwili juu, viganja mbele, watu wote waione.

"Kidole gani?" alisema. "Munionyeshe hiki kidole mu mikono hii."

Kicheko kilikatika upande mmoja, kikaendelea kidogo upande wa pili. Mlezi wa sweta ya buluu alisogea akaitazama ile mikono, halafu karatasi, halafu Madamu. "Wino ni mubaya," alisema Shefu. "Alete kidole tena." Wakaleta kidebe changu. Mama Sifa alichovya, akatia pembeni ya ile alama, na likatokea duara lake tupu. "Ukienda ku kaunga unafanya nini?" mtu aliuliza. "Banaandikaka jina," alijibu bila kugeuka. "Kule kwa kaunga banajua sina kidole. Ni huyu muandishi wenu njo alinipatia."

Madamu alinitazama. Alikuwa hajaelewa bado; alikuwa anangoja nimwambie kwamba kuna maelezo. Sifa alikuwa amekamata pindo la kanga kwa mikono miwili, macho yake yanatembea kwenye midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, na mlango wa gari ulikuwa wazi. Ningesema kwamba ni msukumo wa haki ulionifanya nichukue kile kidebe, lakini nadhani ni uchovu tu. Nilichovya kidole gumba, nikakitia chini ya alama zile mbili. Kovu la jembe likatoka, mstari mweupe katikati, sawasawa na la juu.

"Jeremi," alisema Madamu taratibu. "Wewe naua mimi."

Shefu alinipiga kofi. Nilifikiri anatetea haki ya Mama Sifa, mpaka aliposema, "Unafukuzisha batu ba musaada!" Mlezi alirudisha sare kwenye gari. Gari lilipogeuza, Mama Sifa alinisogelea karibu sana, nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. "Mayi yangu hukuweza kunywa," alisema. "Lakini jina ya mutoto wangu ulibeba." Akatema mate, si usoni kwangu, kando ya kiatu changu, kama mtu anayejua kipimo.

Hakukuwa na ushindi wowote siku ile. Utafiti ulisimamishwa, na nafasi zote tatu zikafutwa pamoja na ile ya Sifa. Baba mmoja wa Kitwa, mgane, ambaye mwanawe alikuwa haoni na ambaye alitaka kwa moyo wake wote mwanawe akasome, alinifuata mpaka mlangoni kwangu. "Mimi nilikubali," alinieleza. "Kidole changu kilikuwa changu. Juu ya nini munanihesabu na bengine?" Kijijini watoto walinipa jina la Kidole. Barua hazikuja tena. Kwa wiki kadhaa mtu akinipita kisimani alikuwa anainua gumba, basi.

Madamu aliniita Nyamitanga mara ya mwisho kupitia fomu zote. Hakunikaribisha kukaa, wala hakukuwa na chai. Tulipitia moja moja kwenye meza ileile, na kila nilipokiri kwamba mtu hakuelewa, aliiweka upande wa kushoto. Saa ilipiga robo mara nyingi. Upande wa kushoto ulikua, upande wa kulia ukabaki na fomu mbili. Alizitazama, akalipuka. "Mimi nasema fomu safi! Mimi nasema uongo? Nasema uongo lini?"

"Doa la Mama Sifa ningelileta ungelipokea, Madamu?"

"Ungeleta!"

"Zile tatu nilileta."

Jikoni sahani zilikuwa zinagongana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, yenye chuki bado, sijui kunichukia mimi au kujichukia, "Wewe nataka kuwa mzuri. Mimi pia nataka kuwa mzuri. Ile mama, nani nauliza yeye?" Akanisukumia fomu ya Mama Sifa. "Peleka. Ni yake." Hatukuonana tena. Nasikia aliandikia chuo chake kila kitu, na jina lake mwenyewe akaliweka mbele ya langu.

Niliipeleka asubuhi ya siku ya sokoni, nikijua watu watakuwa wachache. Mama Sifa alikuwa anamenya mihogo kwa ile mikono yake, kwa kasi kuliko mimi. Sifa aliniona, akaingia ndani. Nilinyoosha karatasi. Hakuipokea. "Soma," alisema. "Yote. Na ukae chini." Nilikaa kwenye udongo, kigoda hakunipa. Nilisoma kwa sauti maneno yangu mazuri. Nilisoma mikono, moto, paa la majani. Nilipofika kwenye "kiziwi, hana msaada" alisimamisha kisu.

"Hana musaada?"

Niliangalia maganda ya mihogo.

"Na miye niko nini, muandishi? Niko jiwe? Rudia hapo."

Nilirudia. Alinifanya nirudie mara tatu, mpaka maneno yale yakaacha kuwa Kiswahili na yakawa kitu kibaya nilichokishika mdomoni. "Kata," alisema. Nilikata kwa kalamu. "Andika: mama yake alikatala. Usiandike na maneno yako ya redio. Andika vile nasema: alikatala." Niliandika juu ya mstari, kwa kubana, herufi zikipanda ukingoni, karatasi nzima sasa ikiwa imechafuka na madoa na mikato. Alichovya kidole kwenye kidebe nilichokuja nacho, akatia alama yake pale pale. Kisha akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye paa, kati ya majani na mti. "Akikuya mwengine wa kuuliza," alisema, "nitamuonyesha hii kwanza. Sasa uende. Na usinisalimieke mu njia." Sikumsalimia. Alinipita barabarani miaka kumi na miwili, nami nilikuwa nashuka kando.

Sifa sasa ana miaka ishirini na moja. Hakwenda Mbarara. Hajui kusoma, anauza samaki wakavu na hakuna anayeweza kumpunja, na kwenye mazishi alinitazama mara moja tu. Kama angekuwa na maisha bora kwenye nyumba ile ya watoto, mimi si wa kusema. Nilirudi kwenye kazi ya utafiti baada ya miaka mitano, kwanza kama mbeba mifuko, na nipo ndani yake hadi leo. Lililobadilika ni moja. Siku hizi, kabla ya swali lolote kuulizwa kwa Batwa wa kambini, wao wenyewe hukaa siku mbili bila shefu, bila mwalimu wa chuo na bila mimi, wakazungumza kwa lugha yao kama wanataka au hawataki. Mara mbili wamekataa. Mara zote mbili tulipakia vitu kwenye gari tukarudi Mbarara, na kwenye ripoti tukaandika kwamba walikataa.